Tangazo ndani ya sentensi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nahariri habari za mtandaoni kwa Kiswahili, na maswali haya nimekuwa nikiulizwa na wasomaji, waandishi wenzangu na wenye tovuti ndogo wanaotafuta namna ya kulipia seva. Yote yanahusu aina moja ya tangazo: lile linalojishikiza kwenye neno ndani ya makala yenyewe.

Haya maneno yenye mistari miwili chini yake ni nini hasa?

Ni matangazo. Unasoma makala, unakuta neno kama "bima" au "simu" lina rangi tofauti na mengine, mara nyingi kijani au bluu, na chini yake pana mistari miwili badala ya mmoja. Ukipitisha kipanya juu yake, kisanduku kidogo kinafunguka chenye picha ya bidhaa. Ukibofya, unatolewa kwenye makala na kupelekwa kwa muuzaji.

Mistari miwili ilikusudiwa kuonyesha kwamba hiki si kiungo cha kawaida. Tatizo ni kwamba msomaji hajawahi kufundishwa tofauti hiyo popote. Anaona neno limepigwa mstari, anadhani mwandishi ana jambo la kumwonyesha.

Mbona mnalalamika? Tangazo la pembeni na tangazo la kwenye neno si yale yale?

Hapana, na hapa ndipo ninapoomba tukae kidogo.

Bango la kwanza linalojulikana sana mtandaoni liliwekwa na AT&T kwenye tovuti ya HotWired tarehe 27 Oktoba 1994. Lilikuwa kisanduku chenye mipaka yake. Msomaji aliona: hapa makala, pale tangazo. Magazeti ya karatasi yalikuwa yakifanya hivyo tangu zamani, tangazo ndani ya fremu, na kama lilifanana mno na habari basi juu yake liliandikwa neno "Tangazo". Mpaka huo ndio uliomwezesha mtu kuchukia bango na bado akaiamini habari iliyo kando yake.

Kiungo ndani ya maandishi kina kazi nyingine kabisa. Ni ushahidi. Ninapoandika kwamba bajeti imesomwa na nikaunganisha neno "bajeti" na hotuba ya waziri, namwambia msomaji: sijazua jambo, nenda ukasome mwenyewe. Neno lile ni langu na mahali linapoelekea nimepachagua mimi. Tangazo likikaa kwenye neno hilo, linazungumza kwa sauti yangu, na msomaji hana njia ya kujua kwamba si mimi.

Miaka kadhaa nyuma niliwahi kufanya kazi kwenye tovuti ndogo ya habari ambayo siitaji. Mwenye tovuti alifunga programu-jalizi inayogeuza maneno fulani kuwa viungo vya wateja wake, na mmoja wa wateja hao alikuwa wakala wa tiketi za mabasi. Neno lake lilikuwa "basi". Wiki ile ile ikatokea ajali ya basi, watu wakafa. Nikaandika habari, nikaipandisha usiku, nikalala. Asubuhi mama mmoja, ndugu wa marehemu, akanipigia simu. Kila mahali nilipoandika "basi" palikuwa na kiungo cha kununua tiketi kwa bei nafuu. Na kwa kuwa mashine haijui Kiswahili, hata sentensi iliyoanza "Basi, ndugu wakakusanyika hospitalini" ilikuwa na kiungo hicho hicho. Niliomba radhi, lakini yule mama hakuwa na namna ya kuamini kwamba si mimi niliyekiweka. Jina lililokuwa juu ya habari lilikuwa langu.

Nani aliamua neno gani ligeuzwe?

Kwa kawaida, mashine. Mwenye tovuti anapewa kipande kifupi cha msimbo wa JavaScript, anakiweka kwenye kurasa zake. Ukurasa ukishafunguka kwa msomaji, msimbo huo unasoma maandishi, unapeleka maneno au mada yake kwenye seva ya kampuni ya matangazo, na seva inalinganisha na orodha ya maneno ambayo wafanyabiashara wameyalipia. Yanayolingana yanazungushiwa kiungo pale pale, mbele ya macho yako. Ndiyo maana wakati mwingine unaona ukurasa umeshatulia, halafu maneno mawili matatu yanabadilika rangi.

Kwa sababu kazi hii inafanyika kwenye kivinjari cha msomaji, makala iliyohifadhiwa kwenye mfumo wa tovuti haina kiungo chochote. Mhariri anaweza kuikagua mara kumi asione kitu. Programu-jalizi kama ile iliyonisibu ni rahisi zaidi: ina orodha ya maneno tu, na haijaribu hata kuelewa mada.

Mambo haya yalianza lini?

Wimbi la kwanza lilikuja mwaka 2001, na halikuletwa na wenye tovuti. Kampuni iitwayo eZula ilikuwa na programu ya TopText, iliyokuwa ikiingia kwenye kompyuta za watu pamoja na KaZaA, ile programu ya kubadilishana mafaili. Ikishaingia, ilitia rangi ya njano kwenye maneno ya tovuti yoyote uliyofungua na kuyageuza kuwa matangazo. Mwenye tovuti hakuulizwa na hakupata hata senti.

Mwaka huo huo Microsoft ilikuwa ikijaribu kitu cha kufanana nacho kwenye toleo la majaribio la Windows XP. Kilifahamika kama Smart Tags: mistari ya mawimbi chini ya maneno, yenye viungo ambavyo Microsoft ingevichagua. Walter Mossberg wa Wall Street Journal aliandika kukipinga, kelele zikawa nyingi, na kabla Juni 2001 haijaisha Microsoft ikatangaza kukitoa. Hayakuwa matangazo kwa maana ya moja kwa moja, lakini hoja ilikuwa ile ile: nani ana haki ya kuongeza kiungo kwenye maandishi ya mtu mwingine? Google nayo iliulizwa swali hilo Februari 2005, ilipoleta AutoLink kwenye upau wake wa zana. Kwa AutoLink msomaji alipaswa kubonyeza kitufe kwanza, na huo ni uungwana ambao wengi waliofuata hawakuwa nao.

Biashara yenyewe ikajengwa na kampuni kama Vibrant Media, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Doug Stevenson na Craig Gooding, ambayo bidhaa yake ya IntelliTXT ndiyo iliyofanya mistari miwili ya kijani ijulikane. Kontera ikafuata, kisha Infolinks mwaka 2007, ambayo ilifungua mlango kwa wenye tovuti wadogo kabisa. Wanablogu wengi wa kwetu walikutana na jambo hili kupitia mlango huo.

Je, kuna chombo kikubwa kilichowahi kukataa?

Forbes.com. Mwaka 2004 ilianza kuweka IntelliTXT kwenye habari zake. Waandishi na wahariri wake hawakukubali, kwa sababu neno ndani ya habari ya biashara lilikuwa sasa linauzwa kwa kampuni ambazo huenda habari yenyewe inazichunguza. Forbes ikayaondoa matangazo hayo. Kisa hiki hukitaja kila ninapoambiwa kwamba chumba cha habari hakina sauti mbele ya idara ya mauzo.

Mbona siku hizi siyaoni sana?

Simu. Mfumo mzima ulitegemea kipanya: unapitisha, kisanduku kinafunguka. Kwenye simu hakuna kupitisha, kuna kugusa tu, na anayegusa kwa bahati mbaya wakati anateremsha ukurasa hujikuta nje ya makala. Isitoshe maneno kwenye kioo cha simu yamebanana. Fedha ikahamia kwenye video na mitandao ya kijamii. Kontera ilinunuliwa na Singtel ya Singapore mwaka 2014 kwa dola milioni 150 za Marekani, na iliunganishwa na biashara ya matangazo ya simu.

Lakini usidhani yamekufa. Mwaka 2024 Google ilileta kwenye AdSense, huduma yake ya kuweka matangazo kwenye tovuti za watu, muundo unaoitwa Ad intents: maneno yaliyomo tayari kwenye makala yanageuzwa viungo, na ukigusa kimoja linafunguka dirisha lenye matokeo ya utafutaji pamoja na matangazo. Hutolewi nje ya ukurasa mara moja, hiyo ni nafuu. Ila neno bado ni la mwandishi, na aliyelichagua si yeye. Kama una AdSense na unatumia matangazo ya kujiweka yenyewe, ingia kwenye mipangilio uangalie kama Ad intents imewashwa.

Yanafanyaje kazi kwenye makala ya Kiswahili?

Vibaya. Sababu ziko ndani ya lugha yenyewe.

Mashine ya aina hii inapenda neno linalokaa kama lilivyo. Kiingereza kinaiwia rahisi. Kwetu neno halitulii. Mfanyabiashara analipia "mkopo". Makala inasema mikopo, alikopa, nimekopeshwa, wakakopeshana, mkopaji, ukopeshaji. Zote ni habari ya mkopo na hakuna hata moja iliyoandikwa kama neno alilolipia. Kwa hiyo mashine inapita bila kuona kitu, au inaishia kunasa majina ya kampuni na yale maneno ya Kiingereza tuliyoyachanganya humo. Nimeona makala ndefu ya Kiswahili safi ambayo maneno pekee yaliyowaka yalikuwa "online" na "laptop".

Upande wa pili ni maneno yanayofanana. Chukua "mafuta". EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti huduma za nishati na maji, inatangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na kila chombo cha habari Tanzania kinaandika. Mafuta ya gari, ya kupikia, ya kujipaka, ya nywele: mashine haijui ni yapi. "Tembo" ni mnyama na ni pombe ya mnazi. "Mbuzi" ni mnyama unayemla, na ni kifaa cha kukunia nazi. "Kata" ina diwani wake, na pia ni ile ya kuchotea maji mtungini. Mswahili anajua kwa kusikia sentensi. Orodha ya maneno haisikii sentensi.

Mifumo mipya inayosoma maana ya makala nzima ni bora kuliko ile ya zamani, lakini imelishwa maandishi mengi zaidi ya Kiingereza kuliko ya Kiswahili, na hilo linaonekana.

Naona maneno ya kijani kwenye kila tovuti ninayofungua, hata za serikali. Wameanza lini kuweka matangazo?

Hawajaanza. Kompyuta yako ndiyo yenye shida. Una programu ya matangazo iliyoingia pamoja na kitu ulichopakua bure, au kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari. Miaka ya 2010 programu iliyosumbua wengi iliitwa Text-Enhance, na ilifanya kile kile ilichofanya TopText ya eZula muongo mmoja kabla yake.

Fungua orodha ya viendelezi, ondoa kila usichokumbuka kukiweka mwenyewe. Kisha angalia programu zilizofungwa kwenye kompyuta, zipange kwa tarehe, na zile zilizoingia siku shida ilipoanza zichunguze. Kama hazitoki, rudisha kivinjari kwenye mipangilio yake ya awali. Na usipakue "kisafishaji" cha bure ulichokiona kwenye tangazo; wengi wamepona ugonjwa mmoja wakaondoka na mwingine. Kwenye intaneti kafe, ambako kompyuta moja inatumiwa na watu wengi kwa siku, usiingize neno la siri la benki kwenye mashine inayoonyesha dalili hii.

Mwenye tovuti analipwaje?

Mara nyingi kwa kila mbofyo, wakati mwingine kwa kila kisanduku kilichofunguliwa na kutazamwa. Kampuni ya matangazo inachukua sehemu yake kwanza. Wafanyabiashara hulipa zaidi kumpata msomaji wa Marekani au Uingereza kuliko wa Mwanza au Mombasa, kwa hiyo tovuti ya Kiswahili inayosomwa nyumbani hupata kidogo sana kwa idadi ile ile ya wasomaji. Nasema hivi kwa sababu wengi wanaonishauri "weka tu, utapata hela ya seva" wametazama hesabu za tovuti za Kiingereza.

Jiulize pia nani anabofya. Kwenye simu, sehemu ya mibofyo hiyo ni vidole vilivyoteleza.

Viungo vya kamisheni navyo ni yale yale?

Ni ndugu wa karibu. Kuna huduma kama Skimlinks ambazo zinachukua kiungo cha duka ulichokwisha kuweka na kukigeuza kiwe cha kamisheni: msomaji akinunua, unapata asilimia. Baadhi ya huduma za aina hii zimewahi pia kugeuza jina la bidhaa lisilo na kiungo liwe na kiungo.

Sina ugomvi na kamisheni kama mambo mawili yametimizwa. Mwandishi awe ndiye aliyechagua kutaja bidhaa hiyo kabla hajajua kama inalipa, na msomaji aambiwe mapema, kwa maneno ya kawaida: "Ukinunua kupitia kiungo hiki, tunapata kamisheni." Sentensi hiyo ikae juu ya makala. Kuizika chini kabisa kwenye ukurasa wa masharti ni kutoisema.

Nimeandikiwa barua pepe: wanataka kulipa niweke kiungo kimoja tu ndani ya makala ya zamani. Nikubali?

Barua hizi zinamiminika kwa kila mwenye blogu ya Kiswahili yenye umri kidogo. Zinaanza kwa sifa, "tumependa sana tovuti yako", kisha ombi: neno fulani kwenye makala fulani liunganishwe na tovuti yao. Zinazonifikia mimi nyingi ni za kubeti, nyingine za mikopo ya haraka.

Anachonunua huyu si msomaji wako. Ananunua heshima ambayo tovuti yako imejijengea kwenye injini za utafutaji, ili tovuti yake ipande juu. Google inahesabu hilo kuwa udanganyifu, na tovuti yako yenyewe inaweza kushushwa. Tangu mwaka 2005 kuna alama ya rel="nofollow" ya kuwekwa kwenye kiungo ili kisihesabiwe, na Septemba 2019 ikaongezwa rel="sponsored" kwa ajili ya viungo vilivyolipiwa. Mpime kwa hiyo: mjibu kwamba utaweka alama ya "sponsored" na utamwambia msomaji kwamba kiungo kimelipiwa. Walio wengi hawatarudi, na ukimya wao utakueleza walichokuwa wanataka.

Kuhusu kubeti niseme wazi. Tovuti zetu zinasomwa na wanafunzi wanaotafuta matokeo ya mtihani na vijana wanaotafuta kazi. Kiungo cha kamari ndani ya makala ya nafasi za kazi kinamvizia mtu aliyekuja akiwa na shida. Mimi sikiweki kwa bei yoyote.

Yanakula bando?

Ndiyo. Msimbo unapakuliwa, picha za visanduku zinapakuliwa, na mawasiliano na seva za nje yanaendelea hata kama hujabofya kitu. Ukurasa mmoja hauonekani kuwa na uzito, lakini anayenunua bando la siku na kusoma habari kumi analipia matangazo ambayo hakuyaomba. Mwenye tovuti anayesema makala zake ni bure akumbuke hilo.

Na taarifa zangu binafsi?

Kampuni inayojua umesoma makala gani, ukiwa wapi, kwa simu ya aina gani, imejua mengi. Tangazo linaloangalia maneno ya ukurasa tu halihitaji kukujua wewe, na kwa hilo nalipa haki yake: kimsingi ni la staha kuliko lile linalokufuata kutoka tovuti moja hadi nyingine. Lakini msimbo unaopakiwa mara nyingi hufanya kazi zote mbili.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukiwa na tovuti inayokusanya taarifa za watu kupitia msimbo wa kampuni nyingine, usidhani mzigo wote ni wa kampuni hiyo.

Nayazuiaje kama msomaji?

Tumia hali ya usomaji ya kivinjari chako. Safari na Firefox zinayo, na inakuachia maandishi na picha tu. Kwenye Firefox ya kompyuta, kizuia matangazo kama uBlock Origin kinatosha. Firefox ya Android nayo inakikubali. Kwa zile tovuti unazoziheshimu, ruhusu matangazo yao ya kawaida, kwa sababu kuna watu wanakula kwa hayo. Waandikie pia. Mhariri akipokea barua tatu za wasomaji zinazotaja neno na makala husika, ana kitu cha kupeleka kwenye kikao.

Mimi ni mwandishi. Tovuti ninayoiandikia inataka kuyaweka. Nifanyeje?

Uliza mapema, kabla msimbo haujafungwa, na uombe majibu kwa maandishi. Nani anapanga orodha ya maneno yanayokatazwa? Je, unaweza kuyazima kwenye makala moja? Habari za vifo, ajali, maradhi, ubakaji na watoto zitaondolewa zote, au mpaka mtu alalamike? Mifumo mingi ina njia ya kuzuia sehemu ya ukurasa isiguswe, kwa hiyo ukiambiwa haiwezekani, mwombe fundi akuonyeshe mipangilio.

Wakikataa kabisa, omba jina lako lisikae juu ya makala zenye matangazo hayo. Ni ombi zito, na linaweza kukugharimu, lakini wenye tovuti hulielewa haraka kuliko hotuba ya maadili.

Nina tovuti ndogo, na kweli nahitaji fedha. Hakuna namna ya kuyaweka kwa heshima?

Ipo. Yasizidi mawili kwa makala. Yasiguse aya ya kwanza wala maneno ya mtu aliyenukuliwa, maana kubandika tangazo kwenye kauli ya mtu ni kumsemesha asichokisema. Rangi yake isifanane na viungo vyako, na juu ya makala andika kwamba maneno yenye alama fulani ni matangazo. Fungua makala zako mwenyewe kila wiki ukitumia simu ya bei rahisi na bando la kawaida, uguse kila neno linalowaka, uone linakupeleka wapi.

Ila kabla ya yote hayo, nenda kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, shule ya chekechea au wakala wa usafirishaji mtaani kwako, umuuzie kisanduku kimoja cha pembeni kwa mwezi. Mpe bei, mwandikie risiti. Kwenye tovuti niliyo nayo sasa tuna visanduku vinne vya namna hiyo, na vinalipa seva.